Kabla hujafunga taa ya LED kwenye pikipiki yako

Msimu wa korosho ukifunguka na hela zikaanza kuingia vijijini, maduka ya spea ya Mtwara mjini, Masasi na Tandahimba hujaa watu wanaoulizia taa. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja anasema LED inaua betri. Mwingine anasema bila LED ya wati 100 usiku hupandi Newala. Wa tatu amefunga yake, anaona vizuri mno, lakini kila anayepishana naye anampigia fuli na kumtolea maneno. Wa nne alifunga, ikawaka kwa muda, ikaanza kuchezacheza, ikafa, naye akarudi kwenye globu ya zamani akiapa kwamba LED zote ni feki.

Kila mmoja wao ana kipande cha ukweli, na ndiyo maana ubishi wa kijiweni hauishi. Wanazungumzia pikipiki tofauti, taa tofauti na umeme tofauti, wakidhani ni kitu kimoja. Tukivitenganisha vitu hivyo, kuchagua kunakuwa kazi nyepesi, na pengine utagundua huhitaji kununua kitu kabisa.

Tuelewane maneno kwanza

Taa ya mbele ina sehemu tatu zinazohusika na mwanga. Kuna globu, ambayo ndiyo chanzo. Kuna rifleka, lile bakuli linalong'aa nyuma ya globu, ambalo kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuurusha mbele. Halafu kuna kioo cha mbele. Kwenye taa za zamani kioo kina mistari ya kuusambaza mwanga. Kwenye nyingi za kisasa ni plastiki safi isiyo na mistari, kwa kuwa kazi hiyo imeshafanywa na umbo la bakuli lenyewe. Ukisikia mtu anataja projekta, anazungumzia taa yenye lenzi nene mbele inayoupanga mwanga.

Dimu ni mwanga wa chini, wa kupishana na wenzako. Fuli ni mwanga wa mbali.

Globu ya halojeni, ambayo ndiyo iliyokuja na pikipiki nyingi tunazoendesha huku kusini, ina waya mwembamba wa tangsteni unaopitishwa umeme mpaka unawaka kwa joto. Umeme mwingi unaishia kuwa joto na sehemu ndogo tu ndiyo inayokuwa mwanga. LED ni kipande kidogo cha semikondakta kinachogeuza umeme kuwa mwanga bila kuunguza waya wowote, kwa hiyo kwa umeme ule ule hutoa mwanga mwingi zaidi.

Sasa vipimo viwili ambavyo vikichanganywa, pesa inapotea. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye globu, kokote unakoelekea. Luksi hupima mwanga unaofika mahali fulani, tuseme kwenye shimo lililo mita 40 mbele yako. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani: lumeni ni maji yote yanayotoka bombani, luksi ni maji yanayoufikia mche. Ukifungulia bomba hadi mwisho huku mdomo wa mpira umepasuka, utalowa wewe na jirani, na mche utabaki mkavu. Mdomo ukibanwa vizuri, hata maji ya kiasi yanaufikia mche wa mbali. Boksi la dukani huandikwa lumeni. Anachohitaji dereva ni luksi, na zifike pale anapotaka.

Luksi nazo hupungua haraka. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Ukiwa mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana taa inayoonekana kali sana ukiwa umesimama mbele ya ukuta inaweza isikusaidie lolote kwenye barabara tupu.

Umbali unahesabika. Ukienda kilomita 60 kwa saa, unamaliza karibu mita 17 kila sekunde. Mpaka akili itambue kwamba kile cheusi barabarani ni ng'ombe na mkono ushike breki, sekunde moja na nusu imeshapita, yaani mita 25. Breki nzuri kwenye lami kavu itakula mita nyingine 28 hivi. Jumla ni zaidi ya mita 50. Taa isiyokuonyesha kitu mpaka kifike mita 30 inakudai uende kilomita 40 kwa saa basi, hata kama barabara ya Mtwara kwenda Lindi ni nyeupe na haina gari.

Ndani ya globu

Hapa ndipo siri kubwa ilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Chomoa globu ya HS1 au H4, aina mbili za halojeni zenye dimu na fuli ndani ya globu moja, uiangalie mchana. Usikishike kioo chake kwa vidole, maana mafuta ya ngozi yakipata joto yanakiharibu. Ndani utaona springi mbili ndogo za waya, kila moja ina urefu wa milimita 5 hivi. Iliyo mbele, upande wa nchani, imekaa juu ya kikombe kidogo cha bati. Hiyo ni ya dimu. Iliyo nyuma, karibu na shina, haina kikombe. Hiyo ni ya fuli, nayo imewekwa kwenye kitovu cha bakuli, pale ambapo mwanga wake ukipiga rifleka unatoka umenyooka kwenda mbali.

Kikombe kile cha bati ndicho kinachomlinda mwenzako. Springi ya dimu imesogezwa mbele ya kitovu, kwa hiyo mwanga wake ukipiga nusu ya juu ya bakuli unarushwa chini barabarani, na ukipiga nusu ya chini unarushwa juu, kwenye macho ya anayekuja. Kikombe kinaiziba nusu ya chini isipate mwanga. Ndiyo maana dimu ya halojeni ikipiga ukutani utaona mstari: chini kuna mwanga, juu kuna giza.

Bakuli lilichongwa kwa ajili ya springi hiyo, mahali hapo, kwa urefu huo. Ukiingiza globu ya LED ambayo vipande vyake vya mwanga, yaani chipu, vimekaa milimita mbili pembeni ya pale springi ilipokuwa, bakuli halijui pa kuupeleka mwanga. Unatawanyika. Mwingine unakwenda kwenye miembe, mwingine kwenye macho ya dereva wa lori, na unaobaki unamwagika mita chache mbele ya tairi lako. Wewe uliyeketi nyuma ya usukani unaona kila kitu kimekuwa cheupe, unafurahi. Anayekuja haoni kitu.

Kwa hiyo ukishika globu ya LED dukani, iweke kando ya halojeni yako uzilinganishe. Chipu ziwe fupi kama springi, si mstari mrefu wa chipu nyingi kuzunguka kigogo. Umbali kutoka kwenye kola ya shina mpaka kwenye chipu uwe sawa na kwenye halojeni. Ubao unaobeba chipu uwe mwembamba, maana ukiwa mnene chipu za pande mbili zinaachana na kukaa mbali na kitovu. Chini ya chipu za dimu pawe na kizibo cha chuma kinachofanya kazi ya kile kikombe. Globu ya kona tatu au nne yenye chipu kila upande, zile zinazofanana na muhogo uliomenywa, iache hapo hapo. Ukifunga, hakikisha chipu zinatazama kushoto na kulia, si juu na chini; globu nzuri huwa na kola inayozungushwa kwa ajili hiyo.

Hata ikitimiza yote hayo, hakuna uhakika mpaka uijaribu kwenye taa yako mwenyewe. Ujerumani iliruhusu globu ya LED kuwekwa kwenye taa ya halojeni kwa mara ya kwanza mwaka 2020, globu ya kampuni ya Osram, na ruhusa ilifungwa kwa aina maalumu za magari ambazo taa zake zilikuwa zimepimwa. Globu moja ilifaa kwenye taa hii, ikakataliwa kwenye ile. Kwa hiyo jirani yako akikwambia "mimi hii inanifaa sana", msikilize, kisha muulize pikipiki yake ni aina gani na taa yake ina umbo gani.

Umeme unaofika kwenye taa

Swali la pili, ambalo wauzaji wengi hawaulizi, ni umeme. Pikipiki huzalisha umeme kwenye koili za magneti zilizo kwenye injini. Umeme huo ni wa AC, unaokwenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Betri haiwezi kuupokea hivyo, kwa hiyo kuna rektifaya inayougeuza kuwa DC, unaokwenda upande mmoja tu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, hasa matoleo ya zamani, taa kubwa haipiti kwenye betri. Inalishwa AC moja kwa moja kutoka kwenye koili yake. Matoleo mengi mapya yana DC kila mahali.

Halojeni haijali. Waya wake unapata joto tu, umeme uende uendako. LED inajali, kwa sababu inapitisha umeme upande mmoja. Ukiilisha AC itawaka na kuzima mfululizo, utaiona inacheza hasa injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, na ukipiga resi volti zinapanda na kuichapa sakiti yake ndogo ya ndani. Yule wa nne kijiweni, aliyeapa kwamba LED zote ni feki, huenda aliua globu nzuri kwa umeme usio wake.

Kujua ya kwako ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, washa swichi, kisha washa taa kubwa. Ikiwaka kawaida, inakula DC ya betri. Isipowaka mpaka upige kiki, na mwanga ukapanda na kushuka kila unapovuta mafuta, ni karibu hakika kwamba ni AC. Ukitaka uhakika kamili, mwambie fundi aweke mita kwenye volti za DC na apime kwenye soketi ya taa injini ikiunguruma. Ikisoma kati ya 12 na 14 na kutulia, ni DC. Ikisoma kidogo sana au ikirukaruka, ni AC.

Zipo globu zilizoandikwa AC/DC, zenye rektifaya ndogo ndani. Zinafanya kazi, ingawa kwenye sailensa nyingi hufifia au hucheza. Njia ya pili ni kumpa fundi wa umeme kazi ya kuihamisha taa kubwa kwenye DC. Hapa ndipo tunapokutana na yule anayesema LED inaua betri.

Kwa hesabu ya kawaida, kauli yake haisimami. Halojeni ya wati 35 kwenye volti 12 hula karibu ampea 3. Globu ya LED yenye wati 18 za kweli hula ampea moja na nusu, nusu ya mzigo. Kama taa yako ilikuwa ya DC tangu mwanzo, LED inaipunguzia betri kazi. Lakini kama ilikuwa ya AC, betri haikuwa na mzigo wa taa hata kidogo. Fundi akiihamisha bila kuongeza uwezo wa kuchaji, betri inaanza kubeba mzigo ambao hapo awali haikuujua, na pikipiki inayoshinda kijiweni kwenye sailensa au kukimbia safari fupifupi kati ya Magomeni na sokoni haiipi nafasi ya kujaa. Ongeza spoti mbili, zile taa ndogo za ziada, za wati 20 kila moja. Taa na spoti sasa zinakaribia wati 60, yaani ampea 5, kwenye betri ya Ah 5, ambayo kwa hesabu ya karatasi hutoa ampea 5 kwa saa moja tu. Magneti isipochangia chochote, haimalizi hata saa moja. Kwa hiyo betri ilikufa kweli, lakini aliyeiua ni mpangilio wa waya na zile spoti.

Kuna jambo lingine la umeme ambalo lingewaokoa wengi kabla hawajatoa hata shilingi. Halojeni ni nyeti sana kwa volti: zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Huku kwetu hewa ya bahari inakula viungo vya waya. Fungua soketi ya pikipiki iliyolala Mikindani, Msimbati au Kilwa Masoko kwa mwaka mmoja uone ile kutu ya kijani kwenye shaba. Kila kiungo chenye kutu kinakula volti zake kabla hazijafika kwenye globu. Waya hasi uliofungwa kwenye chesisi juu ya rangi au kutu ni mwizi mwingine. Mpe fundi asafishe soketi, swichi ya usukani na ule waya hasi, apake grisi kidogo, na abadilishe globu iliyoungua ikawa nyeusi ndani. Kama bakuli limepoteza mng'ao, likawa limebabuka au la kijivu, hakuna globu itakayolisaidia, ya LED wala ya dhahabu. Badilisha taa yote. Watu wengi wakifanya usafi huu tu wanaridhika na halojeni yao, na mimi ningeanzia hapo kila mara.

Wati 100, lumeni 20,000

Maandishi ya kwenye boksi hayana budi kupigiwa hesabu. HS1 ya wati 35 hutoa takriban lumeni 825 kwenye fuli na 525 kwenye dimu kwa viwango vya kimataifa. H4 ya wati 60 na 55 hutoa 1,650 na 1,000. LED nzuri za kwenye taa hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo globu ya wati 18 za kweli inaweza kukupa 1,800 hivi, ambazo ni nyingi kuliko H4. Zinatosha.

Boksi linaloandika wati 40 na lumeni 20,000 linadai lumeni 500 kwa wati. Hata mwanga wa kijani ambao jicho la binadamu linauona kwa wepesi kuliko rangi zote hauwezi kuvuka lumeni 683 kwa wati, na hiyo ni mipaka ya maumbile, pasipo upotevu wowote. Mwanga mweupe uko chini zaidi ya hapo. Hakuna kiwanda, cha China wala cha Ujerumani, kilichofika kwenye namba za boksi hilo. Na ukitaka kujua wati za kweli, fundi anaweza kupima ampea zinazopita na kuzizidisha na volti. Globu nyingi za "wati 100" zinasoma ampea moja na kitu.

Rangi ya mwanga, na vumbi

LED nyeupe kiasili ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya bluu kuwa rangi nyingine, mpaka jicho linaona nyeupe. Kupatikana kwa LED ya bluu kulichukua miaka mingi, na wanasayansi watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Unga ukiwa mchache, bluu inabaki nyingi, na ndiyo ile taa yenye ubaridi wa samawati inayosifiwa kwamba ni kali.

Rangi hupimwa kwa kelvini. Halojeni iko kama 3,200, ya manjano. Jua la mchana liko kama 5,500. LED za sokoni huanzia 5,000 na nyingine hupita 6,500. Namba kubwa haimaanishi mwanga mwingi. Inamaanisha bluu zaidi. Bluu inawasumbua zaidi wanaopishana nawe. Ukipata ya 5,000 au chini yake, ichukue hiyo.

Wapo wanaosema LED haipenyi vumbi na manjano inapenya. Anayetoka Nachingwea kwenda Liwale nyuma ya lori anajua anachokisema: taa nyeupe kali inageuka ukuta mbele ya uso. Lakini tatizo si rangi sana. Chembe za vumbi ni kubwa kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo zinarudisha rangi zote karibu sawa. Kinachokupofusha ni mwanga unaopaa juu na kugonga vumbi lililo usawa wa macho yako, kisha unakurudia. Taa yenye mstari mzuri unaobaki chini, iwe nyeupe au ya njano, itakusaidia. Globu inayotawanya haitakusaidia hata uipake njano. Na kwenye vumbi, zima fuli.

Mtego mwingine ni mwanga mwingi karibu na tairi. Unakupa raha, unahisi umepata taa. Lakini mboni ya jicho inabana kwa sababu ya weupe huo wa karibu, na huko mita 60 mbele, ambako punda amesimama, panakuwa na giza zaidi kuliko kabla hujabadilisha globu.

Joto, maji na chumvi

LED hairushi joto mbele kama halojeni, lakini joto lipo, nyuma ya chipu, na lisipotolewa chipu inafifia na kufa. Ndiyo kazi ya mapezi ya alumini au kifeni kidogo nyuma ya globu. Kwa vumbi letu la uwanda wa Makonde na hewa ya chumvi ya pwani, kifeni kinachafuka na kusimama, na kikisimama globu inafuata. Napendelea mapezi mazito yasiyo na kitu kinachozunguka. Kabla ya kulipa, hakikisha mapezi hayo yanaenea ndani ya kibumba cha taa, yaani ganda lake la nje, na kifuniko cha mpira kinarudi mahali pake. Watu wengi hukikata kifuniko ili globu ienee, mvua ya kwanza inaingia kwenye bakuli.

Ukinunua taa nzima, tafuta maandishi IP67. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 ni kwamba halipenyi kabisa. Ya pili inahusu maji, na 7 inamaanisha inastahimili kuzamishwa mita moja kwa nusu saa.

Ningenunua nini

Kama pikipiki yako ni ya AC na unaendesha zaidi mjini, safisha waya, weka halojeni mpya ya wati zile zile, basi. Usipandishe wati za halojeni. Globu ya wati 60 kwenye soketi ya 35 inayeyusha plastiki, na koili hazina uwezo huo.

Kama ni ya DC na unasafiri usiku mara kwa mara, tuseme Mtwara kwenda Masasi au Lindi kwenda Ruangwa, tafuta taa nzima ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya LED tangu mwanzo, bakuli na chipu pamoja au projekta, inayoingia kwenye kibumba chako. Ni ghali kuliko globu, lakini hapo hakuna kubahatisha kama chipu zimekaa kwenye kitovu. Globu ya LED kwenye bakuli la halojeni ni chaguo la tatu, na liwe la kurudisha dukani: kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba isipotoa mstari ukutani unairejesha.

Angalia kama kuna herufi E na namba ndani ya duara. Namba inataja nchi iliyotoa kibali, si daraja la ubora: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Alama hiyo huigwa, kwa hiyo isikufanye uache kupima mwenyewe.

Na kitu kimoja kuhusu projekta. Nyingi zina mstari wenye ngazi: upande mmoja unapanda juu kidogo ili kuangaza ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ngazi ipande kushoto. China wanaendesha kulia, na taa iliyotengenezwa kwa soko lao inapandisha ngazi kulia, moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja. Hiyo huwezi kuirekebisha kwa skrubu. Irudishe.

Ukuta, na gunia la korosho

Jioni, kwenye sehemu tambarare, simamisha pikipiki mita 10 kutoka kwenye ukuta. Wewe kaa juu yake, matairi yakiwa na upepo sawa. Pima kwa futi kamba urefu kutoka ardhini mpaka katikati ya taa, weka alama ya chaki kwenye ukuta kwa urefu huo huo. Washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe chini ya chaki kwa sentimita 10 hadi 15. Ukiwa sawa na chaki au juu yake, unawapofusha watu. Ukiwa chini sana, unajinyima umbali. Kama hakuna mstari wowote, ila wingu jeupe ukutani, globu hiyo haifai kwenye taa yako, hata uishushe vipi.

Sasa pandisha abiria, au funga gunia la korosho nyuma, kisha tazama tena. Shokapu za nyuma zikishuka sentimita 3 tu, kwenye pikipiki ambayo matairi yake yameachana mita moja na robo, pua inainuka kiasi cha kuupandisha mwanga karibu sentimita 24 pale ukutani. Zile sentimita 10 au 15 ulizozishusha kwa uangalifu zimekwisha, na dimu yako sasa inapiga juu ya chaki. Mita 30 mbele, imepanda zaidi ya sentimita 70, kwenye kioo cha gari au uso wa bodaboda mwenzako. Yule wa tatu kijiweni, anayepigiwa fuli na kila mtu, huenda alipima taa yake akiwa peke yake na anaendesha akiwa amebeba.

Kwa hiyo pima ukiwa na mzigo unaobeba kila siku. Bodaboda wa mjini apime na abiria mmoja. Anayeshusha korosho kutoka Tandahimba apime na gunia. Skrubu ya kushusha taa kwenye pikipiki nyingi iko chini au kando ya kibumba. Nyingine unalegeza nati mbili za pembeni na kukiinamisha chote kwa mkono. Kama shokapu zina hatua za kukaza springi, kaza kwanza, kisha ndipo ushushe taa. Minada ya korosho ikiisha na pikipiki ikabaki nyepesi, rudi ukutani uipandishe tena, maana taa iliyoachwa kwenye kipimo cha gunia itakuonyesha mita chache tu mbele ya tairi mpaka msimu ujao.